Kifaru Kilichoanikwa Jamvini

Mwezi uliopita nilikuwa kila saa nafungua simu, natazama vifaru viwili vya plastiki vya kuunganisha, nafunga. Ni kifaru kilekile cha vita vya zamani, kimetengenezwa na viwanda viwili tofauti. Ndivyo nilivyo, rafiki yangu: naogopa kukosea hata kununua kitana. Lakini safari hii moyo ulinidunda kwa furaha. Kimoja nilikijua. Nilikuwa nacho utotoni, kwetu Madungu.

Enzi hizo vyote viwili vilikuja na mitumba iliyoshushwa bandarini Mkoani, katikati ya baiskeli na mafriji. Boksi moja kubwa, picha yake inatoka moshi na moto, vipande vichache vinene. La pili dogo, limebonyea, ila ndani mna fremu tele zenye vipande vidogo kama dengu. Hata mnyororo wa magurudumu ulikuwa wa kuunga pingili kwa pingili. Kila kipande kimeshikizwa kwenye fremu, na nambari yake ubavuni. Pesa zangu za mpeta, zile karafuu zilizodondoka tulizookota watoto chini ya mikarafuu, zilitosha boksi moja tu. Kila nikitoka chuoni, kwenye Kurani, napita duka la mitumba kuyafungua na kuyafunga maboksi yale.

"Binti, hata waposaji hawachunguzi hivyo!" alinicheka mwenye duka. "Chukua hilo kubwa, utamaliza leo leo."

Nikachukua dogo, nikatimua mbio.

Kesho yake narudi kutoka chuoni, uani kunanukia karafuu mbichi, bibi na jirani wako jamvini wanachambua, na boksi langu li wazi. Wamekonyoa kila kipande! Fremu zimetupwa kando pamoja na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na kifaru changu kizima kimeanikwa juani.

"N'shakuchambulia, mwanangu," bibi akaniambia, uso unang'aa.

Nikapiga ukelele. Maelekezo yote yalikuwa kwa nambari, na nambari zimebaki kwenye fremu!

"Nambari?" akashangaa jirani. "Kwani karafuu ina nambari?"

Bibi hakucheka. Akafuta mikono, akaanza kuvitenga: virefu huku, vya duara kule. Kisha akainua kimoja, akakilinganisha na picha ya boksi. "Haya, hichi kwao wapi?"

"Gurudumu hilo," akajijibu mwenyewe.

"Gurudumu gani, Bi Mkubwa? Kofia hiyo!" akadakia jirani.

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kipande kikiingia mahali pake, jirani anapiga kigelegele kama kwenye harusi. Msimu ulipokwisha, kifaru kilisimama dirishani, kinanukia karafuu. Kikabaki kipande kimoja kilichopinda kama ukucha. Kilininyima raha.

"Kiweke," alisema bibi. "Siku moja kitasema kwao."

Siku hizi uani pamejengwa vyumba. Jamvi liliozea stoo, kifaru kilivunjika tulipohama, na bibi ametangulia. Ule ukucha ninao bado.

Ndiyo maana nikaagiza kilekile. Boksi limefika jana. Nikauona ukucha kama ule kwenye fremu, nambari ubavuni, maelekezo yako mapajani. Ningejua papo hapo kwao wapi.

Nikayakunja maelekezo bila kuyasoma. Nikatandika jamvi jipya, nikavikonyoa vipande vyote kwa kiganja, vikadondoka kama mvua, nacheka peke yangu. Nikainua cha kwanza.

"Haya, hichi kwao wapi?" nikauliza kwa sauti, nikangoja mtu wa kunibishia.