Mama Mweupe wa Dirishani

Mama alipoikimbia vita ya Mbau, aliokoa watoto na sufuria moja. Bikira Maria wake wa plasta alibaki mezani. Hata tulipopata nyumba yetu hapa Butembo, altare yake ilikuwa msalaba na kitambaa cheupe tu, na kila aliposali aliliona pengo. Nilipoanza safari za Guangzhou kununua vitenge, hakuniomba nguo wala simu. Alitaka Bikira.

“Tafuta mwenye kuangalia chini,” alinisisitizia. “Bikira haangaliake batu na kiburi.”

Nilizunguka madukani hadi visigino vikawaka moto. Sanamu nyingi zilikuwa na nyuso za mabibi harusi waliochoka kupigwa picha. Mwishowe nikamwona: kauri nyeupe, shela kichwani, macho chini, kichupa mkononi. Nikajua ni maji ya baraka. Kuuliza si ujinga, lakini mimi na muuzaji hatukuwa na lugha ya kuulizana. Nilimpakata safari nzima ya ndege.

Mama alimfungua akalia. Tangu hapo, kila Jumamosi alimwosha kwa maji ya vuguvugu, bila sabuni, kwa kipande cha shati la marehemu baba. Vile vidole vyembamba alivipangusa kwa unyoya wa kuku. Nilipotaka kusaidia nilifukuzwa.

“Mikono yako iko ya soko,” alisema, na kweli.

Kisha zamu ya shirika, jumuiya yetu ya sala, ikafika kwetu. Katikati ya rozari, mama mmoja mfanyabiashara kama mimi akaacha kuitikia.

“Mais mama, huyu hapana Maria. Ni wa Babudha. Kule Chine nilimuonaka mu restaurant, banamuwekeaka machungwa na ubani. Balisema anasikilizaka batu benye kulia.”

Nilitamani kumziba mdomo kwa kitambaa cha altare. Prezidante wa shirika akasimama.

“Donc tunasalia sanamu ya bapagani? Itoke inje, ivunjwe leo leo!”

Nilimtazama mama. Alikuwa anampoteza Bikira mara ya pili, mbele ya watu. Hakubisha. Alimnyanyua yule mama mweupe kwa mikono miwili, nikadhani anampeleka nje. Akamweka dirishani, kando ya redio.

“Altare ni ya Bwana, pale uko na haki,” akasema. “Lakini kuvunja, hapana. Siku nilitoka Mbau na batoto, ni weye ulinifungulia mulango, Mama Prezidante. Uliniuliza niko wa kanisa gani?”

Prezidante aliketi. Alizungusha rozari vidoleni kabla ya kujibu.

“Hapana,” akasema polepole. “Nilisikia tu unalia.”

Sala ikaendelea pale ilipokatikia.

Sasa altareni yuko Bikira wa plasta kutoka parokiani, anayetazama mbele kama askari wa barabarani. Mama anamvumilia. Jumamosi anawaosha wote wawili, maji yale yale, kitambaa kile kile. Na habari mbaya zikitoka upande wa Mbau, anasali mbele ya msalaba mpaka mwisho, halafu anakwenda kusimama kidogo dirishani. Simuulizi.