Viputo Viwili Mbele ya Tata

Tata, kama tulivyozoea kumwita baba yetu kwa Kihaya, alipopooza upande wa kulia, maneno nayo yalimkatika. Daktari alituambia huenda yakarudi, huenda yasirudi. Miezi ikapita pale nyumbani Kahororo, mama akimlisha, akimwogesha, akimsomea dua, naye akituitikia kwa kope tu. Mtu aliyekuwa akinunua samaki visiwani Muleba, aliyebishana bei na wavuvi hadi sauti ikamkauka, sasa alikaa sebuleni akitazama ukuta.

Mimi nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, nikarudi nyumbani ili nimsaidie mama. Utafiti wangu ulihusu viputo vya hewa: viwili vikipanda katika kimiminika kilichotulia, kimoja kinakifanya nini kingine? Fundi vioo wa mjini alinitengenezea tangi jembamba. Nikaliweka juu ya meza ya sebuleni, kwenye mwanga, nikalijaza mafuta ya alizeti. Chini yake nilipitisha mipira ya dripu, na hewa niliisukuma kwa bomba la sindano.

"Mafuta yote hayo!" mama alilalamika. "Ningekaangia samaki hadi Idi."

Asubuhi moja alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikasukuma kiputo kimoja, halafu cha pili nyuma yake, cha ukubwa uleule. Kwa kuwa vililingana, mtu angedhani vitapanda vimeachana vilevile hadi juu. Wapi! Cha nyuma kilianza kurefuka, kikaongeza mwendo, kikakifikia cha mbele na kukigusa kwa chini. Ghafla kikawa kiputo kimoja kikubwa.

"Kimemezwa."

Nilidhani ni jirani dirishani. Nikageuka, hakuna mtu. Tata alikuwa amelitolea tangi macho, midomo yake bado inatikisika. Bomba la sindano likaniponyoka.

"Tata, umesema nini?"

"Ki-me-mezwa."

Ilikuwa sauti nzito, ya kukwaruza, kama mlango uliofungwa siku nyingi. Lakini ilikuwa yake.

"Mama! Mama, njoo!"

Mama alikuja mbio, kisu mkononi, viganja vyeusi kwa utomvu. Alipomsikia akirudia neno lile, aliketi sakafuni. "Subhanallah," alisema. Nikamtoa kisu mkononi.

Tata hakututazama. Alinyoosha mkono wa kushoto kwenye tangi. "Kwa nini?"

Nikamjibu huku machozi yananitoka. "Cha mbele kikipanda kinavuta mafuta nyuma yake, Tata. Cha nyuma kikiingia kwenye mkondo huo hakikutani na kizuizi kikubwa. Ndiyo maana kinakifikia."

"Tena."

Safari hii nilivitoa viwili sambamba.

"Vitaungana," akasema.

Havikuungana. Vilisukumana mbali kidogo, kila kimoja kikapanda na upande wake. Tata alikunja uso kama mtu aliyepunjwa kwenye mzani. Mama alicheka na kulia kwa pamoja.

Tukampigia simu baba mdogo, aliyekuwa analima Kimwani. Mama aliweka simu kwenye sikio la Tata.

"Mdogo wangu," Tata alisema.

Simu ikakatika. Baba mdogo aliamini kuna mtu anamfanyia mzaha juu ya ugonjwa wa ndugu yake. Nilipompigia tena alinifokea, nami nikamwapia. Kesho yake alifika, akasimama katikati ya sebule na viatu vyake vya shambani, akihema.

"Kaka, sema tena."

Tata alimwonyesha kiti kwa mkono wa kushoto. "Keti," akasema.

Baba mdogo akaketi, akafunika uso kwa viganja.

Hadi leo maneno hayajarudi yote. Kijiko hukiita kasia, na tukichelewa kumwelewa hukasirika. Mama humpa kijiko.