Mlango wa Kushoto

Usiku ule mume wangu Inkaeo hakurudi nyumbani. Alitoka saa nane mchana na pikapu yetu, akasema anakwenda mpaka mji wa Ngao kuikagua barabara na atarudi kabla wali haujapoa. Wali wa kunata ukapoa kikapuni, nikaurudisha kwenye mvuke, ukapoa tena. Nilipompigia, simu yake ikalia humu humu ndani, juu ya friji.

Binti yetu Pui alikuja kukaa nami barazani.

"Mama, lala. Baba ameendesha lori miaka thelathini na minane. Ile barabara anaijua kuliko anavyonijua mimi."

"Ndiyo naogopa. Anayeijua njia haangalii chini."

Kila taa iliyokata kona ya kiwanda cha bakuli nilidhani ni yeye, na kila moja ilipita. Hatukujua pa kuuliza. Kulipopambazuka nilikuwa nimeshika roho mkononi, na ndipo pikapu ikaingia uani polepole, kama ng'ombe anayejua kwamba amekula mahindi ya watu.

"Usingizi ulinikamata pale Lango la Mwamba," akasema kabla sijauliza. "Nikalala garini. Dereva mwenye akili akisinzia analala."

Lango la Mwamba ni pale njia inapopenya mlimani, penye kihekalu ambacho kila dereva akipita anapiga honi tatu. Ni mahali pazuri pa kulala, sikatai. Lakini kioo cha pembeni, cha upande wa kushoto, kilikuwa kinaning'inia kwa waya wake, na ubavu wote wa kushoto ulikuwa na mstari mrefu wa chokaa.

"Na hii je?"

"Nguzo ilinisogelea."

Pui alicheka. Mimi sikucheka. Tangu mvua za mwaka jana nilikuwa nikimtazama. Akimimina chai, inamwagika kushoto kwa kikombe. Akiingia mlangoni, bega la kushoto linagonga mwimo, naye anautazama mwimo kama umemtukana. Paka akilala upande wa kushoto anakanyagwa, akilala kulia anapona. Macho ya mama hayana likizo.

Safari aliyokuwa akiikagulia barabara ilikuwa ya siku tatu tu: Lampang kwetu hadi Phrae, Phrae hadi Nan, halafu nyumbani. Kwetu miaka huitwa kwa majina ya wanyama, na kila mtu ana pagoda, yaani mnara mtakatifu, ya mwaka wake wa kuzaliwa. Ndiko roho ilikopumzika kabla ya kuingia tumboni mwa mama, na ndiko itakakorudi kupumzika. Mtu anatakiwa afike huko japo mara moja angali na miguu. Inkaeo ni wa mwaka wa chui milia, na pagoda ya chui milia iko Phrae. Mimi ni sungura, yangu iko Nan. Yeye amepita Phrae usiku mara zisizohesabika, akiwa na mzigo, kwa njia ya pembeni ya mji ambako malori huruhusiwa. Ngazi za pagoda yake hajawahi kuzikanyaga.

Tulipanga safari jioni mkekani, kila mmoja kwa njia yake. Pui alipanga kwa simu. Mimi niliandika kwenye daftari kuukuu la shule: mahali pa kujisaidia, mahali pa kupata supu, na mteremko mkali uko wapi ili nianze kuomba mapema. Inkaeo alipanga kwa kichwa.

"Phrae kuna nini cha kuona, baba?" Pui akauliza, kidole juu ya simu.

"Kuna mzani wa malori. Na kuna mama mmoja anauza uji wa nyama saa tisa usiku, hajawahi kuninyima tangawizi."

"Mji una miaka elfu moja, wewe unaniambia uji!"

"Waliojenga huo mji walikula nini?"

"Na Nan?"

"Nan kuna fundi matairi, mtu mwema sana. Wewe ulizaliwa mimi nikiwa kwake. Mama yako alimpigia yeye simu, naye akanijia mbio na jeki mkononi: 'Inkaeo, ni msichana, ni mzito kama tairi!' Ndiyo sababu tukakuita Pui, kibonge."

Hivyo ndivyo alivyo. Alianza utingo na miaka kumi na sita, kwenye malori ya magogo ya msaji. Kazi yake ilikuwa kukimbia nyuma ya lori na gogo la kuzuia tairi mlimani. Baadaye ukataji miti ulipopigwa marufuku, akabeba mahindi, vitunguu saumu, na udongo wa kutengenezea bakuli. Hakuwahi kumgonga mtu wala mbwa. Hakuwahi kulala nyumbani sikukuu mbili mfululizo, lakini hakuwahi kurudi mikono mitupu: chungwa moja, sega la asali, hata jiwe alilosema linafanana na pua yangu. Tajiri wake alipouza malori, akanunua pikapu hii iliyotumika, na kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa ameipangusa kabla hajanawa uso.

Pikapu ina kasoro moja. Kitasa cha nje cha mlango wa kushoto kilikufa zamani. Mimi husimama pale nje nikisubiri, naye aliye kwenye usukani huinama, anapitisha mkono mbele ya kiti na kunifungulia kwa ndani. Nimemwambia mara ngapi akitengeneze.

"Nikitengeneze cha nini?" husema. "Kwani mimi sipo?"

Sasa ningemwambiaje mtu kama huyo aachie usukani? Hana shamba la kujivunia, hana cheo hekaluni. Pui anajua kuendesha, tena vizuri. Kiwandani anachora majogoo kwenye bakuli kutwa nzima kwa mkono usiotetemeka, na gari la kiwanda likikosa dereva ndiye anayeitwa. Usiku mmoja akajaribu.

"Baba, njia ya milimani tutapokezana, eh?"

"Wewe? Unashika usukani kama unachora mkia wa jogoo."

"Basi ile inayonyooka."

"Inayonyooka ndiyo inayoua watu kwa usingizi. Kaa nyuma, ummenyee mama yako machungwa."

Alisema kwa kucheka, lakini mkono wake ulitafuta kikombe, ukakikosa, ukarudi gotini. Pui alinitazama. Nikashuka jikoni nikakwangua masufuria yaliyokuwa safi.

Mkesha wa safari, wote walipolala, nilifanya nililofanya. Kila chombo cha safari kina Mae Ya Nang, mama mlinzi wake, na dereva hasafiri bila kumwomba ruhusa. Inkaeo alikuwa amekwisha kumwomba jioni. Mimi nikachukua shada la maua na ubani, nikaenda kinyume chake. Nikachoma ubani mbele ya bampa. Kisha nikaingia kwa mlango wa dereva, nikatundika maua kwenye kioo cha ndani, nikafumba mikono usoni. "Mama," nikanong'ona, "nawe ni mwanamke. Usimruhusu aendeshe. Tafuta njia yako mwenyewe, ila usimwaibishe." Nikatoka kimyakimya. Mlango niliusukuma kidogo tu, kwa kuogopa kishindo.

Asubuhi mizigo ilikuwa nyuma: wali kikapuni, soseji, pilipili za kuchoma, na kitambaa cha manjano cha kuizungushia pagoda. Inkaeo akavaa shati lake jeupe, akaketi, akageuza ufunguo.

Kimya. Hata kukohoa gari halikukohoa.

Akageuza tena. Jasho likamtoka puani. Mimi nilikuwa nimesimama kushoto nikisubiri kufunguliwa. Nilikuwa nimeomba, ndiyo, lakini sikutegemea kujibiwa kabla ya kifungua kinywa.

"Betri imekufa," akasema. "Pui, kimbia kwa jirani, mzee Tip, aje na gari na waya tuishtue."

Pui akaenda. Inkaeo akashuka, akazunguka mbele, akasimama juu ya majivu ya ubani. Akayatazama sana. Akachungulia ndani, akaona maua mapya juu ya yale yake. Halafu akautazama mlango wake, akaufunga, akaufungua, akaufunga.

"Mama Pui."

"Abee."

"Mlango huu nimeukuta haujashika. Taa ya ndani imewaka usiku kucha, imekunywa betri yote. Nani aliingia humu?"

Mficha uchi hazai. "Ni mimi," nikasema.

"Ulimwomba nini?"

"Nilimwomba asikuruhusu kuendesha."

Nilidhani atafoka. Aliketi juu ya bampa, kwenye majivu yale yale, na shati lake jeupe.

"Basi wewe anakusikia upesi," akasema. "Mimi namwomba macho tangu mwaka jana."

Nikaketi kando yake, upande wa kulia, anaouona.

"Mwezi wa tano nilikwenda kufanya upya leseni," akasema. "Wanakuweka utazame mbele, wanawasha taa pembeni, wewe unasema ni rangi gani. Za kulia nikazitaja zote. Nikasubiri wawashe za kushoto. Nikasubiri. Bwana mdogo akaniambia kwa heshima kabisa, 'Mzee, nimeshawasha mara nne.'"

"Na hukuniambia."

"Ungeogopa."

"Kwani hivi sikuogopa?"

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Usiku ule Lango la Mwamba sikusinzia. Taa za malori zilinijia, na pembeni kote kukawa giza, kama mtu kanivika ndoo. Nikapiga honi tatu, nikaegesha. Ningeweza kuomba mtu aniendeshee gari mpaka nyumbani. Wote pale walinijua. Ndiyo maana sikuomba."

Nikamshika mkono. Ulikuwa na harufu ya ubani na grisi.

"Tusiende," nikasema. "Tukae. Kesho twende hospitali, wakuangalie."

"Hospitali nitakwenda tukirudi. Naapa, na Mama huyu anasikia. Lakini chui milia akingoja sana, ataifikia Phrae ndani ya jeneza."

Mzee Tip alikuja na gari lake. Pui alikuwa ameketi kando yake na waya mapajani. Inkaeo hakuwasaidia. Alisimama pembeni akimtazama binti yake: anavyofungua boneti, anavyoifuta kwanza ile kutu kwenye betri kwa kitambaa, anavyoshika koleo za waya mbalimbali zisigusane. Gari likanguruma.

"Ahsante, mzee Tip," Inkaeo akasema.

"Haya, dereva! Usilale njiani tena," mzee Tip akajibu, akaondoka.

Inkaeo alingoja mpaka gari lile likakata kona. "Pui. Lete ubani."

Akauwasha yeye mwenyewe. Akampa Pui nusu, wakapiga magoti wote wawili mbele ya pikapu inayonguruma, nami nyuma yao nikiwa na daftari langu kifuani.

"Mama," Inkaeo akasema kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani wa siku nyingi, "miaka kumi na tisa tumekuwa wawili. Huyu ni Pui, unamjua, alikutapikia mkeka akiwa na miaka sita. Sasa ni mkubwa. Anachora majogoo, lakini akilini mwake hayupo jogoo hata mmoja, yuko makini. Leo ndiye atakayekushika. Akikosea gia, mvumilie. Mimi nilikosea zaidi."

Pui alikuwa akilia bila sauti, majivu ya ubani yakimdondokea mkononi.

"Lango la Mwamba, honi ngapi?" baba yake akamuuliza.

"Tatu."

"Unapiga lini? Ukishapita?"

"Kabla. Nikiliona tu."

"Haya. Futa pua. Huwezi kuendesha na kamasi."

Inkaeo akakivuta kiti cha dereva mbele ili miguu ya Pui ifikie. Hakikusogea, kilikuwa kimeshikana na kutu kwa urefu wa miguu yake yeye. Akakitikisa, akakipiga kwa kiganja, mpaka kikalia na kuteleza. Pui akaketi. Inkaeo akamfungia mlango, akaujaribu kama umeshika, akanitazama mimi, tukacheka wote wawili.

Mimi niliingia kiti cha nyuma, na machungwa. Inkaeo akazunguka mbele ya gari, mkono mmoja juu ya boneti ili asijikwae, akafika upande wa kushoto. Kwa dirisha nilimwona akisimama palepale ninaposimama mimi. Akashika kitasa, akavuta. Akavuta tena. Akakitazama kama hajawahi kukiona, na kwa kweli kutokea nje hakuwa amekiona kwa miaka mingi.

Nilitaka kusema. Nikauma ulimi.

Pui akatoa gia, akaiachia klachi taratibu, akavuta breki ya mkono. Akainama, akapitisha mkono wake mbele ya kiti mpaka upande wa pili, akamfungulia baba yake kwa ndani.