Mama Sindano na Damu ya Suelma

Kambini Smara, kambi yetu ya wakimbizi jangwani, walimwita Mama Sindano, na jina hilo lilimkera miaka kumi na tisa bila yeye kusema neno. Jina lake hasa ni Glana, daktari, mtafiti, msomi wa vyuo vya Oran na Italia, lakini nani ana haja na hayo? Watoto wakimwona na kisanduku chake cha baridi walitimua mbio, na mama zao wakawacheka huku nao wakiificha mikono ndani ya melhfa zao, zile shuka tunazojifunga kichwa hadi miguu.

Msimcheke Glana. Watoto wetu walikuwa wakivimba matumbo na kukonda miguu, nasi tukasema ni jicho, ni maji ya chumvi, ni huzuni ya ukimbizi. Kumbe ni mkate. Unga wa ngano wa msaada tuliula asubuhi, mchana na jioni, sisi ambao babu zetu walishiba maziwa ya ngamia na nyama. Glana alizunguka hema kwa hema akitoa damu, na akatueleza kwamba wengi wetu tuna ugonjwa wa siliaki, yaani matumbo yanaikataa ngano na kujiumiza yenyewe. Wengine walimtukana. Alikunywa chai yao, akafunga kisanduku chake, akarudi wiki iliyofuata.

Kisha kulikuwa na jambo la baba yake, aliyekufa kwa saratani ya utumbo Glana akiwa chuoni. Kwa hiyo alipopata maabara yake, vyumba viwili, friji tatu na jenereta yenye kiburi, hakuishia kwenye ngano. Alijua kuna saratani inayoota kwenye utumbo uliochoshwa na ngano kwa miaka, na kuna nyingine inayotembea ndani ya ukoo kutoka kwa mzazi hadi mtoto. Alizifuata zote mbili, na kila aliyemtolea damu aliombwa ruhusa ya kuipima kwa yote mawili.

Kambi ya Dajla, safari ya nusu siku kwa gari, alikuwako mzee Embarek. Mzee huyu alizika wana watatu, hakuna aliyefika miaka hamsini, wote kwa saratani ya utumbo. Katika damu yao, iliyotunzwa hospitali, Glana alikuta kasoro moja ya kinasaba, ile ile kwa wote watatu. Mzee mwenyewe hakuwa nayo, kwa hiyo waliirithi kwa mama yao. Glana akachora mti wa ukoo, duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume.

"Na mama yao?" akauliza.

"Alikufa siku ya ndege za mabomu," mzee akasema. "Tulikuwa tunakimbia. Alikuwa na kichanga cha kike mgongoni, siku arobaini hazijatimia. Mimi nilikuwa mbele na wavulana. Niliporudi nikamkuta yeye tu. Mtoto nilimtafuta miaka mitatu, binti yangu. Weka alama ya kufa, nimechoka."

Glana akaweka alama kwenye duara dogo.

Haukupita mwaka, kasoro ile ile ikatokea Smara kwenyewe, katika chupa ya Suelma binti Degja.

Suelma unamjua bila kuambiwa. Ndiye anayecheka kwa sauti kwenye foleni ya maji, mwanamke wa miaka arobaini na saba, mwenye siliaki, na anayekula mkate kwa siri huku akiapa kwamba hajaugusa. Glana alidhani chupa zimechanganywa. Akamgombeza fundi wake wa maabara mpaka fundi akanuna siku mbili, akatoa damu upya, akapima mwenyewe. Jibu likawa lile lile. Akampima Degja na wanawe wengine wawili. Kwao hakuna kasoro, na damu ya Suelma haikufanana na yao hata kidogo. Ilifanana na ya mzee Embarek, kama ya binti na baba.

Akakaa kwenye kiti akajishika kichwa. Fomu yake iliuliza, "Umezaa wangapi?" Degja alijibu watatu. Na wewe Glana, mtoto wa hapa hapa, uliyelelewa na bibi yako ukimwita mama mpaka ulipoanza shule, hukujua kwamba kwetu mtu ukimuuliza watoto wake atakutajia aliowalea? Italia ilimharibu, mimi nasema. Alisahau kuuliza swali la pili.

Alijaribu kwanza njia nyepesi. Akamwambia Suelma kwamba damu yake ina hatari, na kwamba lazima aende hospitali kuu akaingizwe kamera ya utumbo, mwaka huu na kila mwaka.

Suelma akacheka. "Kamera? Wapi? Mama Sindano, umemaliza mikono sasa unataka na huko? Mtazame mama yangu. Sabini na tatu, anatafuna mkate kama mbuzi. Kwetu hakuna anayekufa na tumbo. Mimi ni damu yake, nitakufa na mdomo."

Degja alikuwa anamimina chai. Hakucheka. Glana alimwona akiendelea kumimina kwenye glasi iliyokwisha kujaa, na akaelewa kwamba yule bibi alishaelewa.

Kesho yake akamrudia peke yake.

"Mama Degja, sikuja kukuumbua."

"Basi usiniumbue. Nenda."

"Nikienda atakufa. Kaka zake wa damu, watatu, wamekufa, tena wakiwa na umri huu huu. Kikitokea kijinyama tumboni tukakiona mapema, kinatolewa, anarudi nyumbani anakucheka. Lakini haendi, kwa sababu anakutazama wewe. Siwezi kumwambia siri yako. Ni ya kwako. Ila ukinyamaza, mama, unamnyamazia yeye."

Degja akalia, kilio kibaya cha mtu asiyezoea. Mtoto wake mwenyewe alimzika mchangani siku moja kabla ya ndege, alikuwa wa wiki tatu, na maziwa yalikuwa yakimtoka yakilowesha nguo. Kesho yake, akikimbia mabomu, akasikia mtoto analia chini ya maiti ya mwanamke. "Nilimweka kifuani ili anyamaze tu," akasema. "Kunyamaza tu, daktari."

"Na babake? Mzee Embarek wa Dajla alitafuta."

"Hilo usiniguse." Akageuza uso. "La mama nitamwambia. La baba, hapana."

Alimwambia Ijumaa baada ya sala, Glana akiwa pale kwa sababu aliombwa awepo. Suelma alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akavaa viatu vya watu wengine akatoka. Siku tisa hakukanyaga kwa Degja. Kila mchana alituma sahani ya wali kwa jirani, maana bibi ana kisukari na akikosa chakula huanguka. Degja alikula kidogo na kurudisha sahani imeoshwa. Glana siku hizo hakulala vizuri, alijiona amevunja nyumba ya watu kwa darubini.

Siku ya kumi Suelma akaingia maabara. "Gari la hospitali linaondoka lini?"

"Keshokutwa."

"Kuna nafasi mbili? Yule bibi naye anakuja. Asibaki hapa akijililia."

Siku ya safari wakapanda gari wote watatu. Hospitalini wakaketi kwenye benchi, Degja katikati, Suelma kulia, Glana kushoto. Muuguzi kijana akaja na fomu.

"Maradhi katika familia. Tuanze na mama."

Suelma akamgeukia Degja. Degja ndiye aliyejibu.

"Mama yake mzazi alikufa kwa bomu. Kaka zake watatu walikufa kwa utumbo. Mimi ndiye niliyemnyonyesha. Andika yote."

Muuguzi akamtazama Glana. Glana akaitikia kwa kichwa, naye akaandika.

"Baba?"

"Alikufa vitani," Suelma akasema. Alimaanisha mume wa Degja, aliyemwita baba siku zote.

Glana akatazama sakafu. Alijiambia kwamba hata akiulizwa hatasema, na hapo alijichukia. Kando yake mikono ya Degja ilikuwa ikikunja ncha ya melhfa, ikikunjua, ikikunja tena.

"Yuko hai," Degja akasema.

"Nani yuko hai?"

"Baba yako. Yuko Dajla, jina lake Embarek. Mwaka ule wa kwanza alikuja Smara akiuliza hema kwa hema nani aliokota mtoto. Alipofika kwetu nilikufunika, nikamwambia hapa hakuna. Ulikuwa unaota meno, nikakuziba mdomo kwa mkono usilie." Akavuta pumzi. "Nilimsikia anaondoka. Mpaka leo nazisikia hatua zake."

Muuguzi alikuwa ameacha kuandika. Suelma alimkazia macho yule bibi, na Glana alikuwa tayari kwa lolote, tusi, kofi, mtu kuinuka na kwenda zake.

"Ni mzima?" Suelma akamuuliza Glana.

"Mzima. Macho tu yamefifia."

"Alizika wanawe watatu, na mimi nipo safari ya nusu siku."

"Ndiyo."

Wakaita jina la Suelma mlangoni. Akainuka, akavua bangili zake moja moja, akazitia kwenye kiganja cha Degja na kukifumba.

"Nikitoka humu tutakwenda Dajla, mama," akasema. "Utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Daktari asikusaidie hata neno moja."

"Atanilaani," Degja akasema.

"Akulaani. Nitakuwa nimekaa karibu yako."

Akaingia. Kamera ilimkuta na vijinyama viwili, vikatolewa siku ile ile. Glana alikuwa na mti wa ukoo ndani ya mkoba wake. Akautoa pale pale kwenye benchi, akafuta alama ya kufa kwenye duara dogo, na akamwomba Degja amtajie upya watoto wake, wale aliowazaa na wale aliowanyonyesha, bila haraka.