Bomba la Ng'ombe

Rafiki yangu, hili nakuambia wewe kwa sababu najua utanisikiliza mpaka mwisho ndipo useme.

Mimi ni nesi, Sumbawanga. Nilianza kwa kufagia wodi, nikasoma masomo ya jioni huku nanyonyesha, baadaye ndiyo nikaenda chuo. Kwa hiyo kuelekeza wagonjwa nilijiona naweza. Nilijua mtu ambaye hakusoma anavyosikia.

Asubuhi moja tulimruhusu mama mmoja wa Mtowisa, kule bondeni, mke wa mfugaji wa Kisukuma. Alikuwa na sukari, ile ya kuchoma insulini kila siku, na mume wake ndiye angemchoma. Nikakaa nao kwenye benchi na kibomba kidogo mkononi.

"Baba, unavuta mpaka hapa, mstari wa kwanza wenye namba. Usizidishe."

Akacheka. "Nesi, unanifundisha sindano mimi? Ng'ombe wote wale anawachoma nani?"

"Sawa," mke wake akadakia, "ila mimi usinifunge kamba miguuni."

Wodi nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Utaratibu wetu, mtu anachoma kwanza kwenye sponji wewe ukimwangalia, ndipo unasaini. Foleni ilikuwa ndefu.

"Umeelewa, baba?"

"Nimeelewa."

Nikasaini.

Siku ya nne mchana mume akamrudisha, amelazwa juu ya magunia ya mpunga kwenye lori. Jasho limemlowesha, hajitambui. Tukapima, sukari iko chini kabisa. Tukamwekea dripu ya glukosi. Sukari ikapanda, yeye hakuamka.

Mume wake akanifuata. "Shikamoo, nesi."

"Marahaba."

"Kile kisindano chenu kifupi. Siku tatu nachoma, bado anakunywa maji ndoo nzima. Nikaona hakifiki kwenye nyama. Leo asubuhi nikachukua hili." Akafungua kitambaa. Ndani kulikuwa na bomba kubwa, lile la kuchomea ng'ombe. "Lakini sikuzidisha. Mstari wa kwanza wenye namba, kama ulivyosema."

Mstari wa kwanza wa bomba lile unabeba mara kumi ya dawa niliyomwelekeza. Nilisimama nimelishika bomba, sikusikia uchungu wala woga. Niliona tu kwamba kitambaa kina manyoya ya ng'ombe.

Mama yule alifariki kesho yake saa sita mchana. Nilimwosha mimi na mwenzangu mmoja. Nilipotoka nje kwenda kuanika mashuka, mume alikuwa amesimama pale kwenye kamba.

"Nesi, niambie. Ni mimi nimemuua?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni: Mungu amempenda zaidi. Tunawaambia wote hivyo, na mimi naamini hivyo. Lakini siyo alichoniuliza.

"Dawa ilizidi, baba. Ilizidi kwa sababu ya lile bomba. Lakini kukuangalia ukichoma kabla hamjaondoka ilikuwa kazi yangu. Sikuifanya, na nilisaini kwamba nimeifanya."

Akaniangalia sana. "Ungeniambia nichome pale, ningechoma."

"Najua."

"Ilikuwa dakika moja, nesi."

Akaondoka. Nikamaliza kuanika.

Maneno hayohayo nilimwambia matroni, akayaandika. Kwa padri nilikwenda, nikaungama, nikapewa rozari ya kusali. Nilisali yote. Maneno yalitoka sawasawa, mimi sikuwemo. Bado naenda misa ya asubuhi, natoka, navaa sare, naingia kazini.

Siku hizi haondoki mtu na sindano kabla sijamwona akichoma, na kama ana bomba lingine nyumbani namwambia asiliguse. Wananung'unika. "Nesi huyu atatukosesha gari la bondeni." Nawaambia gari la kesho lipo.

Kwa hiyo nakuomba, ukimjua mtu anayerudishwa nyumbani na sindano, mpe habari hii. Akatae kuondoka mpaka achome kwa mkono wake, nesi akimtazama. Na kama una ndugu nesi, msomee. Jina langu halihitaji, mambo ya yule baba na lile bomba yanamtosha.