Chepkorir Alikuwa Ameshika Nyasi

Leo nimerusha dadu vizuri kuliko siku zote, na sitaki kucheza tena.

Mnajua ule mchezo wetu kule Roret, sebuleni kwa Kiprono. Yeye anasimulia vita, kila mtu ana shujaa wake, dadu inaamua.

Leo tulizingirwa. Majitu kila upande, na shujaa wa Chepkorir anavuja damu.

Chepkorir akasema polepole, "Nang'oa nyasi. Nainua juu."

Kiprono akaendelea kusimulia. "Majitu yanashusha mikuki."

Mimi Njeri, mtoto wa Wakikuyu wenye duka, nikadhani ni ujanja. Eti amewachanganya! Nikarusha dadu. Sita! Nikamkata mkubwa wao shingo, nikapiga makofi.

Peke yangu, jamani.

"Njeri," Chepkorir akasema, "kwetu Wakalenjin ukishika nyasi, vita imeisha. Hakuna mtu anaguswa."

Nikaomba turudie. Kiprono akakataa.

"Hamjakufa. Mmeshikwa na majitu, mmefungwa. Na siku mtainua nyasi tena, nani atawaamini?"

Chepkorir akaenda zake, chai yake bado imejaa kikombe.

Tumekuwa majirani tangu tukiwa watoto, na sikujua hiyo.

Kabla nipande gari kuja hapa saiba ya intaneti, Kericho, nilisimama kwa geti yao, mvua inaninyeshea, nyasi mkononi. Alinichungulia dirishani.

Akafunga pazia.

Wenye mnajua hizi mila, niambieni: nyasi ikishikwa na mtu kama mimi, bado ni nyasi?