Mikebe ya Shasha

Saa saba na dakika kumi na mbili mchana wa Jumapili, kwa saa ya mkononi ya Papa, baba yangu, ambayo haikukosea zaidi ya dakika tano kwa wiki, kisu kilizama kwenye mkebe wa kwanza mbele ya wakwe, na mahali pa samaki zikatoka njegere.

Ninyi mliokulia milimani enzi zetu mnajua uzito wa jambo hilo. Vijana itabidi niwaeleze polepole, maana wao wakitaka kujua kilichomo ndani ya mkebe wanausoma. Sisi tuliutikisa.

Kwetu ni Kingi. Tulilima maharage na mihogo kwenye mteremko mkali kiasi kwamba boga likikuponyoka mkononi ulishuka kuliomba kwa jirani wa chini. Chakula cha shamba hakikutusumbua. Kilichotusumbua ni vitu vya dukani: chumvi, sabuni, sukari, na samaki wa mkebe kwa ajili ya wageni. Kwa hivyo nyumbani kulikuwa na imani mbili, ingawa sote tulisali kanisa moja.

Imani ya Papa ilikuwa duka la juu, karibu na kanisa. Mwenye duka alivaa shati jeupe, mikebe yake ilipangwa karatasi zikitazama mlango, na bei yake haikujadiliwa. Ukiomba chumvi alikufungia katika karatasi safi, akakunja pembe nne kama bahasha ya serikali. Imani ya Mama ilikuwa Shasha, kando ya ziwa, kwa mfanyabiashara aliyeitwa Papa Deo. Mizigo yake ilifika kwa mitumbwi, na mara nyingi ziwa lilikuwa limeionja kabla yetu. Ndiyo maana aliuza kwa nusu ya bei, na pengine chini ya hapo. Mara tatu kwa mwaka Mama alipanda juu ya lori lililobeba maharage yetu hadi Sake, akaendelea kwa miguu hadi Shasha, na baada ya siku tatu au nne akarudi na furushi lililonuka ziwa.

Nakumbuka furushi lile likifunguliwa. Chumvi ilikuwa imegeuka jiwe moja lenye ukubwa wa kichwa cha ndama. Aliyetaka chumvi alichukua nyundo akapiga, na kwa kuwa sote tulikuwa wavivu, jiwe moja lilitutosha miezi. Sabuni zilikuwa zimeshikana, miche sita kama ndugu waliokataa kugawana urithi. Biskuti zilikuwa zimesafiri pamoja na sabuni hizo, na harufu ilikuwa imehama. Nilizipeleka shuleni wakati wa mapumziko. Rafiki aliomba nusu, akanusa, akanirudishia kwa heshima. Hiyo niliiandika daftarini mwangu, upande wa faida: biskuti za Shasha haziibwi.

Papa alitazama furushi na kutikisa kichwa.

"Mama Furaha, kitu ya bei chini iko na mulango ya pili ya kutokea pesa."

"Na ya bei ya juu iko na mulango moja tu," alijibu Mama, "lakini ni kubwa."

Furaha ni dada yangu mkubwa, na habari hii ni yake kuliko yangu. Mwaka niliokuwa na miaka kumi na mmoja, mwalimu mmoja kijana aitwaye Innocent, mzaliwa wa Mpofi huko Walikale, alimpenda, naye Furaha akampenda zaidi kuliko alivyokubali kusema. Ikabaki wazazi wa mwalimu wafike kutuona. Mama, ambaye alijiandaa kwa kila jambo mapema, alikwenda Shasha akarudi na mikebe kumi na miwili isiyo na karatasi hata mmoja. Maji yalikuwa yamezibandua zote. Papa Deo hakumdanganya.

"Mama, miye sijui kama iko nini ndani," alimwambia. "Nikisema najua, nitakuwa mwongo. Chagua na Mungu."

Mama alichagua na Mungu mikebe kumi na miwili kwa bei ya mikebe minne ya duka la juu.

Hapo ndipo nilipopata kazi yangu ya kwanza ya kichwa. Tulikuwa tukifungua mkebe mmoja kila Jumapili, na kabla haujafunguliwa niliutikisa karibu na sikio, nikaandika daftarini nilichosikia, kisha nikaandika kilichotoka. Samaki hugeuka mara moja, kama mtu mzito kitandani. Njegere huvuma kama mvua ya mbali juu ya mabati. Nyanya husogea kidogo na kunyamaza. Maziwa mazito ya sukari yanataka subira: unainamisha mkebe, unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo yanafika upande wa pili. Katika Jumapili sita nilipatia tano. Mikebe sita iliyobaki niliiandika kwa makaa: mitatu S, yaani samaki, mmoja P, maana njegere tuliziita petipua, mmoja M wa maziwa, na mmoja alama ya kuuliza, kwa sababu haukutoa sauti yoyote niliyoijua. Mama aliiweka ile mitatu ya S kuwa chakula cha wakwe. Mambo yalikuwa yamepangwa vizuri.

Sasa nieleze desturi, kwa ajili ya waliokulia mjini. Kwetu kitu chochote kilichofungwa, chupa au mkebe, hufunguliwa mbele ya macho ya mgeni, na mwenye nyumba huonja kwanza. Si kwamba mgeni anakushuku sumu. Ni heshima tu. Lakini pia anakushuku sumu. Kwa hivyo hakuna mama aliyeweza kufungulia samaki jikoni, akaona kilichomo, akaja mezani akitabasamu. Kila kitu kilikuwa hadharani.

Wakwe walifika Jumamosi jioni, siku mbili njiani, watu sita. Aliyesema kwa niaba yao alikuwa shangazi wa Innocent, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aliyeamua alikuwa baba wa Innocent, Papa Musafiri, mfanyabiashara wa mawese, mtu wa maneno machache. Jumapili baada ya ibada walizungumza mahari na Papa. Papa alitaka mbuzi sita. Wao walisema watano. Wakakwama hapo, na shangazi akasema tule kwanza: "Tuone meza. Meza njo inasema ukweli ya nyumba." Sote tulielewa. Huko Mpofi walikuwa wameambiwa kwamba watu wa milima huhesabu maharage kabla ya kuyapika, naye alikuja kuthibitisha. Furaha alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, amevaa kitenge kipya, anasikiliza sahani.

Mama akaingia na sinia. Nikatazama mikebe. Iling'aa. Usiku wa Jumamosi Mama, ambaye hakuweza kuweka kitu kichafu mbele ya mgeni, alikuwa ameisugua mikebe yote sita kwa majivu na mchanga hadi ikawa kama vyombo vya meza ya Bwana. Hapakuwa na S, hapakuwa na P, hapakuwa na kitu. Kwa kuwa hakuweza tena kutofautisha, alileta yote na tabasamu. Nilimkonyeza. Akadhani nina mchanga jichoni.

"Karibuni, samaki inakuja," alisema, na Papa akapiga kisu.

Shangazi aliinama juu ya mkebe akazitazama njegere kwa muda mrefu.

"Kwetu Mpofi," alisema, "samaki iko na macho. Hii iko macho tupu, samaki haiko."

Mama alicheka peke yake. "Ile ilikuwa ya kufungua kinywa tu. Papa Furaha, fungua ingine."

Papa alitazama saa, kana kwamba saa ingemshauri, akafungua wa pili. Maziwa mazito, meupe, yakaanza kushuka polepole kwenye sinia.

"Aah, sasa naelewa," alisema shangazi. "Samaki ingali inanyonya."

Mmoja wa wageni alikohoa akauficha uso ndani ya kofia. Wali ulikuwa unapoa kwenye sahani sita. Shangazi alianza kukaza kitenge chake kiunoni, namna mama anavyokaza anapotaka kuondoka.

"Papa Musafiri, walituambia bantu ya huku banahesabu. Hawakutuambia kama hata mukebe yao wenyewe hawaijue. Tutaachia mutoto yetu mu nyumba ya namna hii?"

Nyuma ya mlango nilisikia Furaha akivuta pumzi ya kulia. Mimi, ambaye sikuruhusiwa kusema mbele ya wageni, nilisema.

"Mama aliosha alama."

"Alama gani?" aliuliza Papa Musafiri. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu ibada.

Nikaeleza yote: daftari, Jumapili sita, mvua ya mbali, mtu mzito kitandani. Nilikwenda kulileta daftari. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya kila mstari, kisha akachukua mkebe mmoja kwenye sinia akautikisa.

"Miye nasikia nyanya."

Niliuchukua, nikautikisa. "Hapana, Papa. Ni samaki."

"Mutoto anabishana na mukwe!" shangazi alipiga makofi. "Na hatujakula bado!"

"Wacha, dada." Papa Musafiri aliuweka mkebe katikati ya meza. "Musikie. Kama hii ni samaki, mbuzi ya sita itatoka Mpofi na miguu yake. Kama ni nyanya, tunabaki na tano, na hakuna mwenye atasema tena."

Papa alikuwa shemasi. Alijinyoosha kitini. "Kanisa haipende kamari."

"Hii haiko kamari, Papa Furaha. Ni egzame."

Papa alifikiri. Mitihani kanisa halikuikataza. Akachukua kisu. Mimi nilifumba macho, kwa hivyo siwezi kueleza kilichoonekana; naweza kueleza tu harufu. Samaki. Mama alionja kwanza, kama desturi inavyotaka, akafumba macho naye, kwa sababu nyingine. Nikatikisa mikebe miwili mingine nikasema samaki na samaki, na ikawa hivyo. Shangazi alilegeza kitenge. Alikula kuliko wote, na mwishoni akachovya kipande cha mkate ndani ya maziwa akasema si vibaya.

Ukabaki mkebe mmoja.

"Na hii?" aliuliza Papa Musafiri.

"Hii sijui, Papa. Haina sauti."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kirefu kilichowashangaza hata watu wake. "Basi mutoto ni mukweli. Mwenye kujua yote ni mwongo." Papa alikuwa tayari ameinua kisu, naye akamshika mkono. "Wacha. Hii tusifungue. Muiweke. Siku nyumba zetu mbili zitagombana, tutakutana tena hapa, tufungue pamoja, tuone. Hakuna muntu anaweza kubaki na hasira mbele ya mukebe yenye hajui kama iko nini ndani."

Furaha aliolewa. Mbuzi wa sita alifika kwa miguu yake, na alikuwa na tabia mbaya.

Baadaye sana, nilipokuwa nikijifundisha mwenyewe kwa kusoma kila karatasi iliyofungia karanga, nilikutana na methali ya watu wa pwani: rahisi huvunja upishi. Ni kweli. Mikebe ya Shasha ilivunja upishi wa siku ile kabisa. Lakini duka la juu, lenye karatasi zake zinazotazama mlango, lingetupa samaki, na mbuzi watano, na wakwe waliokula wakaenda zao.

Mkebe ule Mama aliupaka mawese ya Mpofi kila mwaka usishike kutu. Nyumba zetu mbili zilikaribia kugombana mara nyingi, kama nyumba zote: mara ni shamba, mara ni jina la mtoto. Sauti zikipanda, mmoja aliuliza, "Niende kuleta mukebe?" na mwingine akaanza kucheka kabla hajapenda. Tulipolazimika kukimbia Kingi, mara ya kwanza na ya pili, Mama alibeba sufuria, Biblia na mkebe. Papa alisema sufuria ingetosha. Mama aliponiachia mkebe, mwaka wake wa mwisho, aliniambia neno moja tu: "Usioshe."

Siku hizi ninaishi mjini. Kuna maduka makubwa yenye taa nyeupe na kibao cha promosio, mikebe yote ina karatasi, tarehe, na mistari myeusi ambayo simu inaisoma. Ninanunua huko, bei ni nafuu, na sijawahi kukosea. Wala sijawahi kucheka.

Mwezi uliopita alikuja kunitembelea mtoto wa Furaha, kijana wa miaka ishirini na miwili, anayeitwa Musafiri kwa ajili ya babu yake. Aliuona mkebe juu ya kabati, akauelekezea simu mbele, nyuma na chini.

"Mama mudogo, haina code."

"Tikisa," nilimwambia. Aliitikisa simu.

Nilipomsimulia habari yote alitaka tuufungue palepale, arekodi video, watu waione. Nikamuuliza: mkebe ukishafunguliwa, siku nyumba zikigombana tutafanya nini?

"Tutablokiana tu," alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema atafunga mlango wa nyuma.

Kisha akatoa pesa mfukoni akaziweka mezani ili nimuuzie. Niliziangalia kwa makini, maana mimi si mtu wa kudharau pesa. Nikachukua mkebe, nikautikisa karibu na sikio, na baada ya miaka yote hiyo bado sikuweza kusema ni nini. Nikaurudisha juu ya kabati, nikamrudishia pesa zake, na usiku nikaandika daftarini, upande wa hasara: dola ishirini.